Tusiwaachie Waigizaji Somo la Historia

Miaka michache iliyopita nilikuwa nikisahihisha insha za kidato cha tatu kuhusu sababu zilizoivunja Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977. Nilipofika kwa mwanafunzi mmoja, kijana mwenye mwandiko wa kupendeza na hoja zilizopangika, nililazimika kuiweka kalamu chini. Aliandika kwamba ulimwengu uliufahamu ukatili wa Idi Amin kupitia kwa daktari wake binafsi, Mskoti aliyeitwa Nicholas Garrigan, ambaye alitoroka uwanja wa ndege wa Entebbe akiwa na majeraha ya kulabu kifuani. Kijana huyo hakuwa amebuni kitu. Daktari huyo alikuwa amemwona kwa macho yake mawili, na aliyemwonyesha, msomaji, ni mimi.

Wiki tatu kabla ya hapo, Ijumaa alasiri, saa ambapo hata mwalimu hodari huona taabu kuwaweka macho vijana walioshiba githeri, niliazima projekta na kuwaonyesha The Last King of Scotland. Niliziruka sehemu zisizowafaa vijana, kisha nikaketi nyuma ya darasa na rundo langu la madaftari. Filamu ikasema, vijana wakatazama, nami nikaamini kwamba somo limefundishwa. Ukweli ni kwamba Garrigan hakupata kuzaliwa. Ni mhusika aliyebuniwa na Giles Foden katika riwaya yake ya mwaka 1998, ambaye baadhi ya tabia zake zilichotwa kwa Bob Astles, Mwingereza aliyekuwa mwanajeshi na hatimaye mshauri wa Amin. Kevin Macdonald aliigeuza riwaya hiyo kuwa filamu mwaka 2006, naye Forest Whitaker akamwigiza Amin kwa ustadi uliompa tuzo ya Oscar mwaka uliofuata. Ustadi huo ndio uliotuponza. Amin akiigizwa vyema namna ile, kisha akaketishwa pamoja na daktari wa kubuni, kijana wa miaka 16 atawaamini wote wawili kwa kipimo kimoja.

Kosa hilo nimelitafakari kwa muda mrefu, na ninaiomba nafasi hii niwaeleze walimu wenzangu, na wanafunzi pia, jinsi nilivyojaribu kulirekebisha.

Shule ninamofundisha iko kando ya barabara itokayo Busia kwenda Malaba. Siku isiyo na mawingu, mwanafunzi akitazama nje dirishani huuona mwamba wa Tororo umesimama ng'ambo ya mpaka. Usiku tunayasikia matrela yakinguruma katika foleni ndefu ya kungoja kuvuka. Wazazi wa wanafunzi wetu ni wachuuzi, makuli, wabadilishaji fedha, mawakala wa forodha na waendeshaji bodaboda, kazi ambayo jina lake lenyewe lilizaliwa katika mpaka huu, enzi za baiskeli zilizowabeba wasafiri kutoka kituo cha Kenya hadi cha Uganda. Mteso wa Amukura ana shangazi Tororo, na Msamia wa Funyula ana wajomba ng'ambo ya mto Sio. Wakifiwa huku, matanga huhudhuriwa na watu wa nchi mbili.

Ajabu ni kwamba silabasi ya Historia na Serikali ya mfumo wa 8-4-4, inapofika kwenye maendeleo na matatizo ya mataifa ya Afrika baada ya uhuru, huwataka vijana hawa waisome Tanzania na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Uganda, ambayo moshi wa majiko yake tunaunusa, haimo. Amin hutokea katika sura ya ushirikiano wa Afrika kama mojawapo ya sababu za kuvunjika kwa Jumuiya. Hupewa mstari mmoja au miwili, mwalimu akapita.

Pengo lisilojazwa na mwalimu hujazwa na mwingine. Vijana wetu wamekulia katika vibanda vya video. Upande huu wanamsikiliza DJ Afro akiwasimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili chake cha mitaani, na kutoka ng'ambo zinawafikia filamu zilizotiwa sauti ya Kiganda na wale mabingwa wa Kampala waitwao vijei. Kila mmoja wao anamjua Amin wa sinema: mnene, mcheshi, mkatili, mwenye medali zilizojaa kifuani. Hivyo basi, mwalimu asemaye kwamba filamu hazina nafasi katika somo la historia amechelewa. Zimekwisha kufundisha. Kilichobaki ni kuamua kama tutaketi na vijana wakati zinapofundisha.

Wapo wenzangu wasiokubali. Mmoja wao, mtu ninayemheshimu sana, huniambia kwamba kipindi ni dakika 40, filamu ni zaidi ya saa 2, na mtahini wa KCSE hatauliza Forest Whitaker alivaa kofia gani. Ana haki. Lakini nani alisema lazima filamu ionyeshwe yote? Hakuna mwalimu wa fasihi anayesoma riwaya nzima kwa sauti darasani. Tangu kosa lile sionyeshi zaidi ya dakika 10 kwa mara moja. Stima ikipotea, jambo ambalo kwetu si geni, dakika 10 hutazamwa kwenye tarakilishi moja ya mkononi yenye chaji, vijana wakisongamana kuizunguka.

Nirudi kwenye majaribio yangu. Baada ya aibu ya Garrigan niliwaza kwamba dawa ni filamu ya hapa kwetu. Nikaitafuta ile ya Sharad Patel ya mwaka 1981, inayojulikana na wengi kama Rise and Fall of Idi Amin, ambayo Amin wake ni Mkenya, marehemu Joseph Olita wa Siaya. Wakenya wa rika langu wanaikumbuka. Mimi niliitazama nikiwa na umri wa miaka 15, miaka michache tu tangu Amin akimbie, na ninakiri kwamba nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Olita alifanana na Amin kiasi kwamba miaka 10 baadaye Mira Nair alimpa tena sehemu hiyo katika Mississippi Masala, filamu inayoanzia kwenye kufukuzwa kwa Waasia mwaka 1972.

Wanafunzi wangu nao walicheka. Ilipofika pale ambapo vichwa vya watu vinaonekana ndani ya jokofu, darasa zima liliangua kicheko. Katikati ya kicheko hicho msichana mmoja wa dawati la mbele aliinuka, akatoka nje. Nilimfuata. Alikuwa amesimama karibu na tangi la maji.

"Mwalimu," akaniambia huku ameinamisha uso, "nyanya alivuka hapa Malaba akiwa amembeba mama mgongoni. Babu alichukuliwa na watu waliokuja na gari. Hadi leo hatujui alizikwa wapi. Sasa wenzangu wanacheka."

Sikuwa na jibu. Nilimwambia pole, neno ambalo halikutosha, nikarudi darasani na kuizima projekta. Usiku ule ndipo nilipong'amua kwamba filamu ya hapa kwetu si lazima iwe ya kweli kuliko ya wageni. Waliouawa katika miaka 8 ya Amin hukadiriwa kuwa kati ya watu 80,000 na 300,000, na wapo wanaotaja idadi kubwa zaidi. Filamu ile imeyachukua maafa hayo ikayatilia chumvi ya uvumi wa ulaji watu, jambo ambalo halijapata kuthibitishwa, hata maiti wa kweli wakageuka vikaragosi. Kijana anayecheka hana ubaya moyoni. Amechekeshwa.

Nilikaribia kuacha kabisa. Aliyeniokoa ni mwanafunzi mwingine, mtoro na mkazi wa kudumu wa vibanda vya video, aliyenieleza kwamba wao hawatazami filamu kimya kimya kama sisi wazee. Vijei huingilia kati. Husimamisha maneno ya mwigizaji, humkejeli, huwaambia watazamaji kwamba huyu anadanganya, na pengine huongeza habari za mtaani ambazo mtunzi wa filamu hakuziota. Basi nikajiuliza: ikiwa msimulizi wa kibandani ana ujasiri wa kubishana na filamu, mwalimu mwenye shahada anaogopa nini? Tangu siku hiyo huishika rimoti mkononi. Filamu ikisema jambo, naisimamisha, nauliza: tunajuaje? Nani aliyekuwepo? Nani ameachwa nje?

Swali hilo la mwisho ndilo lililozaa matunda mengi. Chukua The Last King of Scotland. Huanzia Amin akiwa tayari ameipindua serikali ya Milton Obote, Januari 25, 1971. Lakini Amin hakushuka kutoka mbinguni. Alijiunga na jeshi la kikoloni la King's African Rifles mwaka 1946, akaletwa hapa Kenya kupigana na Mau Mau. Mwaka 1962, askari aliowaongoza walishutumiwa kwa kuwaua Waturkana katika msako wa wezi wa mifugo, na kesi yake haikufika mahakamani kwa kuwa uhuru wa Uganda ulikuwa mlangoni na maafisa wa asili ya Uganda walikuwa wachache mno. Haya hayamo katika filamu. Mwanafunzi aliyeletewa habari hizo hutazama tena zile dakika 10 kwa jicho jingine, na haulizi tena kwa nini Mwafrika huyu alikuwa katili. Huuliza ni nani aliyemfunza, nani aliyemkingia kifua, na kwa nini serikali ya Uingereza iliitambua upesi serikali yake.

Kuna filamu moja ambayo ningemshauri kila mwalimu aitafute, nayo haina mwigizaji hata mmoja. Mwaka 1974 Barbet Schroeder alikwenda Uganda na kamera, akamwacha Amin ajieleze apendavyo. Amin akapanga mambo mwenyewe: mazoezi ya kijeshi ya kuiteka milima ya Golan, mkutano na mawaziri waliojaa hofu, hata muziki wa kodiani alioupiga kwa mkono wake. Filamu ilipotoka hakuipenda. Alidai sehemu fulani zikatwe, na mwelekezi alipokataa, Wafaransa waliokuwa Uganda wakakusanywa wawe rehani. Sehemu zikakatwa, zikarudishwa baada ya kuanguka kwake. Nilipowasimulia wanafunzi habari hiyo kabla ya kuwaonyesha, hawakucheka kama walivyocheka kwa Olita. Waliwatazama mawaziri. Mmoja akasema, "Mwalimu, yule wa pili anajifanya anaandika." Nikairudisha nyuma tukatazama upya. Kalamu ilikuwa ikienda kweli, lakini macho hayakuwa kwenye karatasi. Sikumbuki kipindi changu chochote cha ubao na chaki ambacho mwanafunzi aliona jambo ambalo mimi mwenyewe sikuwa nimeliona.

Jambo jingine ambalo filamu zote hizi hazina ni mpaka. Za Entebbe zipo kadhaa, tangu zile zilizotengenezwa kwa haraka mwaka 1976 na 1977 hadi ile ya mwaka 2018. Watanzania nao walitoa Vita vya Kagera mwaka 1980. Zinatuonyesha Kampala, Entebbe, Tel Aviv. Sisi wa Busia na Malaba hatumo, ilhali mwaka 1976 ulikuwa wetu pia. Februari mwaka huo Amin alitangaza kwamba sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya, hadi kilomita 32 kutoka Nairobi, ilikuwa ya Uganda kihistoria. Kenya nzima iliwaka kwa hasira, na wafanyakazi wa bandari ya Mombasa wakaisusia mizigo ya Uganda.

Nilipolitaja dai hilo darasani, wanafunzi walilicheka kama kichekesho kingine cha Amin. Hapo nikawatundikia ramani ya mwaka 1900. Kimya kilitanda. Hadi mwaka 1902 Jimbo la Mashariki la Uganda lilifika Naivasha; Mumias, alikotawala Nabongo Mumia, ilikuwa kituo cha serikali ya Uganda, na mahali tulipoketi palikuwa Uganda. Waingereza ndio waliolikata jimbo hilo na kuliunganisha na himaya iliyokuja kuitwa Kenya, hasa ili reli iwe chini ya utawala mmoja, bila kumuuliza Mteso wala Msamia.

"Kumbe hakuwa akiropoka?" akauliza kijana mmoja.

Mjadala uliofuata ulikula kipindi cha Hisabati, na ninamwomba radhi tena mwenzangu. Walifika wenyewe kwenye jambo ambalo nisingeweza kuwalisha kwa kijiko: kwamba mtu aweza kushika karatasi ya kweli mkononi na kuitumia kwa nia mbaya, na kwamba ndiyo sababu marais wa Afrika walikubaliana Cairo, Julai 1964, kuiacha mipaka ya wakoloni kama walivyoikuta. Swali kama hilo lingetoka katika mtihani, wangelijibu wakiwa wamelala.

Msichana yule wa tangi la maji sikumsahau. Baada ya miezi kadhaa nilikwenda kwao, nikamwomba nyanya yake radhi kwa yaliyotokea darasani, kisha nikamwomba aje kuzungumza na vijana. Alinikatalia mara 2. Mara ya tatu alinijia mwenyewe shuleni, amevaa leso mpya, akauliza darasa liko wapi.

Wanafunzi walingoja damu. Yeye aliwazungumzia sukari. Aliwaeleza jinsi sukari, chumvi na sabuni zilivyotoweka madukani baada ya Waasia kuondoka na viwanda kukwama, na jinsi alivyopanga foleni kutwa nzima kwa kipande kimoja cha sabuni. Akasimulia kuhusu kahawa: baada ya baridi kali ya Julai 1975 kuiteketeza mibuni ya Brazil, bei ya dunia ilipaa, nayo kahawa ya Uganda ikavushwa usiku kuja Kenya kwa mabega, kwa punda na kwa baiskeli. Soko la Chepkube, kaskazini mwetu huko Bungoma, likatajirisha watu kwa msimu mmoja. Hapo nami nilimkumbuka baba yangu mdogo, aliyekuwa akirejea alfajiri suruali imelowa maji ya mto, na sisi watoto tukaonywa tusiulize. Habari za mumewe alizieleza kwa sentensi 3 au 4 tu, kwa sauti ile ile aliyoitumia kwa sabuni.

Kijana mmoja akashindwa kujizuia. "Nyanya, ni kweli Amin alikula watu?"

"Alichokula Amin sikijui, mjukuu wangu," akajibu. "Ninachokijua ni kile walichokosa kula wanangu."

Hakuna aliyecheka.

Nadhani hapa ndipo sisi wa mpakani tunapowashinda walimu wa Nairobi walio na projekta mpya na maktaba kubwa. Filamu ya Amin ikionyeshwa kule, anayeweza kuikosoa ni kitabu. Ikionyeshwa hapa, anayeweza kuikosoa anaishi nyumba ya pili. Lakini hataishi milele. Aliyekuwa na miaka 20 Amin alipotwaa madaraka sasa amepita 70, na kila likizo ninasikia kwamba mmoja wao amekwenda.

Ndiyo maana mwaka jana tuligeuza kazi. Niliwauliza wanafunzi ni tukio gani la historia ya mji wao lisilo na filamu kabisa. Walihangaika, mpaka mmoja akaulizia kwao na kurejea na jibu: Desemba 1987. Mwezi huo askari wa Kenya na wa Uganda walipigana risasi hapa Busia, mpaka ukafungwa, watu wakalala vichakani, na mwishoni mwa mwezi Rais Moi na Rais Museveni wakakutana Malaba kutuliza mambo. Leo kituo cha pamoja cha forodha kilichofunguliwa na marais wa nchi hizi mbili mwaka 2018 kinawapokea wasafiri wa pande zote chini ya paa moja, na vijana wanaopita hapo kila siku hawakuwa wamesikia kwamba risasi ziliwahi kupita.

Sasa wanatafuta walioshuhudia. Wanakwenda wawili wawili na simu zao za mkononi, na kabla ya kurekodi lazima waombe ruhusa. Mzee wa kwanza, mfanyabiashara wa nguo hapa Busia, alizungumza vizuri juu ya bei na foleni, lakini walipofika kwenye risasi aliwaambia wazime simu. Walizima. Aliyobaki kuyasema waliyaandika kwa mkono, na daftari hilo limo kabatini mwangu, chini ya kufuli. Muhula ujao tutakwenda Malaba kwa mama mmoja aliyekuwa akiuza chai karibu na njia ya reli wakati marais walipokutana. Ametuambia tuje Jumamosi, wala tusije darasa zima.